Kwa Nini Kondishona Hung'ang'ania Unywele

Ng'oa unywele mmoja. Upitishe kati ya vidole viwili kutoka shinani hadi nchani: unateleza. Sasa rudisha vidole kuelekea shinani: unakwaruza, kama samaki anayepapaswa kutoka mkiani kwenda kichwani. Sababu ni hiyohiyo. Unywele nao una magamba, membamba mno, yaliyopandana na kuelekea nchani.

Ndani ya magamba hayo zimo nyuzi za keratini, protini ileile ya kucha, na nguvu ya unywele iko humo. Chembe hai zimebaki chini ya ngozi. Kinachoonekana nje kimekwisha kufa. Hakuna mafuta yanayoweza kukilisha, na kikichubuka hakiponi. Kazi iliyobaki ni kukikinga.

Mtu wa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, anayeosha nywele ziwani ana shida yake. Maji ya ziwa hilo yana pH inayokaribia 9, yaani yana hali ya magadi, na sabuni ya mche huizidisha. Kwenye magadi unywele hubeba chaji hasi nyingi. Nyuzi zenye chaji moja husukumana, magamba hufunuka, kichana hukwama. Palipochubuka zaidi, ambako utando wa mafuta ya asili umetoka, ndipo chaji hasi inapojaa.

Molekuli ya kondishona ina kichwa chenye chaji chanya na mkia mrefu wa mafuta. Chanya huvutwa na hasi, kwa hiyo kichwa hunasa zaidi palepale palipoumia, na mkia hubaki nje. Ndiyo maana hata ukisuuza haitoki yote. Mikia ikishajipanga, kichana hupita bila kuvuta. Kwa nywele za kipilipili hilo ni jambo kubwa, maana kila mkunjo ni mahali pa kukatikia.

Mafuta ya mise, yanayotoka kwenye kiini cha mbegu ya mchikichi, hufanya kazi nyingine. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye molekuli fupi na nyoofu inayoweza kupenya hadi ndani. Mwaka 2003, watafiti Rele na Mohile wa India walionyesha kuwa mafuta ya nazi, yenye asidi hiyohiyo kwa wingi, hupunguza protini inayopotea nywele zinapooshwa. Ya alizeti hayakufanya hivyo. Mafuta yenye lauriki yakiwa ndani, maji hayaingii kwa wingi, na unywele hauvimbi sana. Basi mise ipakwe usiku, kabla ya kuosha. Kondishona ifuate baada ya sabuni, na kichana kianzie nchani.