Dondoo muhimu: Pinterest na mshono wa kitenge

Fungua ubao kwa kazi moja na uupe jina la kazi hiyo: "Gauni la sendofu", si "Mitindo". Ufanye wa siri, uchague bila kuwaza nani anatazama.

Kila picha unayohifadhi, iandikie unachokipenda: shingo, mikono, au marinda ya kiunoni. Ukikosa la kuandika, ifute. Angalia na kitambaa, maana hapa ndipo wengi huumia: kitenge cha pamba hakivutiki, kwa hiyo gauni la kubana ambalo pichani limeshonwa kwa kitambaa cha jezi halitakukaa hivyo ukilishona kwa kitenge.

Kwa fundi peleka picha mbili au tatu, mbele na mgongo. Nguo ikishakamilika, ubao uhifadhi kwenye kumbukumbu.