Dhamana ya Tabibu Mzembe

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mas'ala: Mtu wa Ujiji ameumikwa na tabibu kwa wembe uliomkata mwingine, wala haukuchemshwa. Mahali pale pakaingia usaha, au akapata maradhi yapitayo katika damu, kama homa ya ini. Watu wakamwambia, "Hiyo ni kadari," naye akanyamaza. Je, haki yake imekwisha?

Jawabu: Haikwisha. Kila jambo ni kwa kadari, lakini kadari haimwondolei mzembe dhamana, kama isivyomwondolea mwizi. Imo katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud kwamba mwenye kutibu watu, naye hajulikani kwa utabibu, dhamana ni juu yake. Ama tabibu mjuzi aliyepewa idhini, akafuata kanuni za kazi yake, hana dhamana hata mgonjwa akifa. Lakini akipuuza, atalipa. Na sindano ya hospitalini hukumu yake ni hiyo hiyo.

Basi si kila kidonda kilichooza ni dai. Mdai yampasa kuthibitisha matatu: uzembe, madhara, na kuwa madhara yale yametokana na uzembe ule. Kwa hivyo ahifadhi cheti chake, na aandike siku na majina ya mashahidi.

Sheria ya Tanzania nayo imeweka muda: dai la namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3, na likiwa juu ya Serikali hutanguliwa na ilani ya siku 90. Mwenye kuchelewa huko Kigoma asimlaumu kadhi wala hakimu.

Kusamehe ni bora. Na mwenye kusamehe ni yule aliyeijua haki yake kisha akaiacha.

Wallahu aalam.