Mtaalamu wa meno jeshini si daktari

SWALI: Nina ukaazi wa kudumu Marekani. Wanaoandikisha Jeshi la Nchi Kavu wamenishauri niombe kazi ya mtaalamu wa meno, namba 68E. Je, nitakuwa daktari? – Msomaji, Texas

JIBU: La, jina hilo lisikupoteze. Wa 68E ni msaidizi wa daktari. Huandaa vifaa na kuvitakasa, hupiga eksirei, hushika bomba la kufyonza mate wakati jino linazibwa, na hujaza kumbukumbu za mgonjwa. Daktari ni ofisa aliyeingia na shahada yake.

Utaanza na takriban wiki 10 za mafunzo ya uaskari, kisha utasomea fani Fort Sam Houston, San Antonio.

Hata hivyo, usiidharau kazi hii. Jeshi hupanga afya ya meno ya askari katika madaraja manne. Daraja la 3 ni mwenye jino linaloweza kumletea dharura ndani ya miezi 12. La 4 ni ambaye uchunguzi wake umepitwa na wakati. Wote wawili, kwa kawaida, hawahesabiwi kuwa tayari kupelekwa vitani. Jipu la jino likimpata askari mbali na kliniki, kikosi kimepungukiwa mtu bila risasi kulia.

Kabla ya kutia saini, hakikisha namba 68E imeandikwa ndani ya mkataba wako. Ahadi ya mdomo haitakusaidia.