MATUMIZI SALAMA YA DAWA ZA MSETO KWA VIDONDA VYA TUMBO

Watumishi wa Serikali na wakaazi kwa jumla wanaelezwa katika ukurasa huu namna ya kutumia dawa za mseto zinazotolewa kutibu maambukizo yaletayo vidonda vya tumbo. Mfano umechukuliwa Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kwani pale tatizo huonekana wazi: mgonjwa anaweza kuandikiwa dawa katika Hospitali ya Wilaya, Kilosa mjini, kisha siku ya nne kazi ikampeleka Mikumi, kwenye barabara kuu iendayo Zambia, na boksi la dawa likabaki nyumbani.

Zamani lawama zote zilitupiwa pilipili, ndimu na mawazo. Mwaka 1982 madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walimgundua bakteria aitwaye Helicobacter pylori katika utando wa tumbo, na mwaka 2005 wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli. Si kila mwenye bakteria huyo hupata vidonda, wala si kila kidonda hutokana naye. Diklofenaki na aspirini zinywewazo ovyo kwa maumivu ya mgongo nazo huchimba tumbo. Kwa hiyo kipimo hutangulia dawa.

Matibabu yaliyozoeleka ni dawa tatu kwa pamoja. Omeprazoli hupunguza asidi ili dawa nyingine zifanye kazi. Amoksisilini na klarithromaisini humuua bakteria, kila moja kwa njia yake. Mtu mzima hupewa mara nyingi omeprazoli miligramu 20, klarithromaisini miligramu 500 na amoksisilini gramu 1, mara mbili kwa siku, kwa siku 14. Ikiwa amoksisilini ni ya vidonge vya miligramu 250, mgonjwa humeza vidonge 4 asubuhi na 4 jioni, yaani 112 hadi mwisho. Ni vingi, na ndiyo sababu watu huchoka. Saa 1 asubuhi na saa 1 jioni ni nyakati rahisi kukumbuka: omeprazoli nusu saa kabla ya chakula, nyingine pamoja na chakula. Anayefunga Ramadhani amwulize daktari kwanza kama hali yake inaruhusu. Akiruhusiwa, futari na daku hutosha kuwa nyakati za dozi.

Hatari kubwa iko siku ya tano au ya sita. Maumivu hutulia kwa sababu asidi imepungua, na mgonjwa hudhani amepona. Bakteria waliosalia ni wale wenye nguvu, na dawa ileile haitawaweza tena. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017, liliwaweka bakteria hawa waliokwisha kuizoea klarithromaisini katika orodha ya wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Kumgawia mume au mke nusu ya vidonge ni kuwaacha wagonjwa wawili bila tiba. Anayesafiri, basi, achukue dozi yake yote mfukoni pamoja na cheti cha daktari. Akipatwa na shida akiwa Mikumi, Hospitali ya Mtakatifu Kizito itajua pa kuanzia.

Kabla ya kupokea dawa, mgonjwa hana budi kutaja mambo fulani hata asipoulizwa. Aliyewahi kuvimba uso au kutokwa na vipele kwa penisilini asipewe amoksisilini. Anayetumia kabamazepini kwa kifafa, wafarini ya kuzuia damu kuganda, au simvastatini ya mafuta mwilini, aseme, maana klarithromaisini huzidisha nguvu za dawa hizo. Omeprazoli nayo huzuia atazanaviri, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, isifyonzwe ipasavyo. Mjamzito na anayenyonyesha nao waseme. Akipewa metronidazoli badala ya dawa mojawapo, pombe ya aina yoyote iachwe hadi siku 3 baada ya kidonge cha mwisho.

Ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu na kuharisha kidogo ni mambo ya kawaida. Dozi isikatwe kwa ajili hiyo. Lakini kuharisha kukiwa kukali au kwa damu, mwili ukivimba, pumzi ikibana, mgonjwa akitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au choo kikiwa cheusi na chenye kunata kama lami, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kipimo cha kuhakikisha kupona hufanywa baada ya wiki 4 au zaidi tangu dozi kwisha, na omeprazoli iwe imeachwa wiki 2. Kitumike kipimo cha choo au cha pumzi; kile cha damu huweza kuonyesha alama za ugonjwa miezi mingi baada ya bakteria kwisha, na mtu akanyweshwa dawa mara ya pili bure.