Anakupenda, Nawe Unashtuka

Mdogo wangu wa Petta, barua yako nimeisoma polepole. Unasema mumeo ni mpole, hajawahi kukuinulia mkono. Lakini alipokushika bega kwa nyuma ukiosha vyombo, ulishtuka hadi sufuria ikakuponyoka. Na jioni aliyochelewa kutoka Busia, simu haipatikani, ulifungasha nguo ili umwache kabla hajakuacha. Akaingia na kilo ya sukari, akakukuta umepakata begi.

Unauliza kama una wazimu. Huna, mpenzi. Aliyekuumiza utotoni alikuwa mtu wa nyumbani, aliyekununulia mandazi. Mwili wako ukajifunza kwamba mkono unaobembeleza ndio unaoumiza. Wakati ule hofu hiyo ilikulinda. Leo unaishi na mtu mwingine, ila mwili bado haujaamini.

Miaka ya 1954 na 1955, mtafiti Mary Ainsworth aliwachunguza akina mama na watoto wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona mtoto mwenye uhakika na mama yake huthubutu kutambaa mbali, akijua akirudi atapokelewa. Wewe uhakika huo ulinyang'anywa. Ukubwani unaweza kupatikana, lakini taratibu.

Nanyi mlioumizwa hivyo utotoni ni wengi. Utafiti wa kitaifa uliotolewa Uganda mwaka 2018 ulionyesha kuwa, kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, wasichana 35 na wavulana 17 katika kila 100 walidhulumiwa kingono utotoni. Wavulana pia, naam. Kuna mume anayemkwepa mkewe kitandani, mke akadhani ana mwingine.

Sasa mumeo. Usimweleze yote usiku mmoja, wala si lazima umtaje mtu. Zungumzeni mchana, mmekaa nje, si kitandani. Anza na dogo: "Nikikupa mgongo, niite kwanza." "Ukichelewa, nitumie ujumbe." Na kusema "ngoja" ni haki yako hata ndani ya ndoa; mume mwema atangoja. Ukitaka mtu wa kukusikiliza, hapo Uganda piga 116, simu ya msaada ya Sauti, bila malipo. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, ni 1195.

Watakaokuambia "samehe, ni mjomba wako, usiaibishe ukoo", waache waseme. Kwenye matanga hulazimiki kumpa mkono. Na binti yako asilale nyumbani kwa mtu huyo, hata msiba ukijaza watu na mikeka ikakosekana.