SOMO LA MBEGU: JE, JENI ZA MTAMA WETU ZIMETULIA?

Mtama wa viwanja vyetu hapa Gudele umetoka sehemu nyingi: mwingine sokoni, mwingine kwa jirani, mwingine katika mizigo ya safari. Kabla ya kuchagua mbegu, jua mimea hiyo inazaana namna gani.

KANUNI
Mwaka 1908 Hardy wa Uingereza na Weinberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walionyesha hivi: mimea mingi ikichavushana bila mpango, bila kuchaguliwa wala kuingiliwa na mbegu ngeni, jeni hukaa katika viwango maalum. Jeni K na k zikiwa nusu kwa nusu, robo ya mimea ni KK, nusu ni Kk, robo ni kk.

ALAMA
Tazama mshipa wa kati wa jani. Mweupe: bua kavu. Kijani kilichofifia: bua lenye maji, ambalo watoto hutafuna likiwa tamu. Ukavu (K) hufunika maji (k). Basi wenye maji ni kk. Mweupe ni KK au Kk, na kwa macho huwezi kutofautisha.

KUPIMA
1. Hesabu mimea 100 bila kubagua.
2. Funika masuke ya mimea myeupe kwa mifuko ya karatasi kabla hayajachanua, yajichavushe yenyewe.
3. Panda mbegu za kila suke mstari wake, miche 20. Yote ikiwa myeupe, mama ni KK. Ikitokea yenye maji, kama robo, mama ni Kk.

MFANO
Tuseme umepata KK 45, Kk 10, kk 45. Jeni K ni (90+10) kati ya 200, yaani nusu. Ulitarajia 25, 50, 25. Kila tofauti izidishe kwa yenyewe, gawa kwa ulichotarajia, kisha jumlisha: 16+32+16=64. Ikizidi 3.84, shamba halijatulia.

MAANA YAKE
Kk ni wachache kwa sababu mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, au mbegu za asili mbalimbali zimechanganywa karibuni. Mahindi huchavushana kwa upepo, hivyo mchanganyiko huo husawazika haraka, mtama huchelewa.

KUMBUKA: Suke moja la mtama hubeba aina chache tu. Usichukue mbegu zote kwenye suke moja zuri. Ugonjwa mmoja unaweza kumaliza shamba zima. Chukua masuke mengi, ubadilishane na majirani.