Ukitumia dawa mbili, ipi imekuponya?

Wasomi wenzangu, wiki iliyopita mwenzangu wa chumbani alinionyesha video. Jamaa kalala kifudifudi, mtaalamu anambonyeza uti wa mgongo, "ka!", jamaa anainuka anatabasamu. "Ushahidi si huo?" akaniuliza. Nikacheka, maana swali hilo nimekua nalo.

Mimi ni wa Digodigo, Ngorongoro. Mwaka 2011 nilikuwa na miaka minane. Samunge, kijiji jirani, kilifurika watu. Foleni ya magari kilomita kwa kilomita, helikopta zinatua, wote wanafuata kikombe cha Babu, Mchungaji mstaafu wa KKKT Ambilikile Mwasapila. Kikombe shilingi 500, dawa ya mizizi ya mugariga, yaani mtandamboo. Ilisemwa inatibu kisukari, UKIMWI, saratani na pumu.

Baba mdogo ana kisukari. Alikunywa, akarudi anajisikia mwepesi, akataka kutupa vidonge. Mama akamwambia, "Shemeji, kikombe umekunywa, sawa. Vidonge huachi." Walibishana mpaka usiku. Mwisho akaendelea navyo, na yupo hadi leo. Kila sikukuu ubishi unarudi: yeye anasema kikombe, mama anasema vidonge.

Nani yuko sahihi? Kwa habari ya mtu mmoja hatuwezi kujua. Somo ndilo hilo, na lina hatua tatu.

Kwanza, "baada ya" si "kwa sababu ya". Maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Mtu huenda kubonyezwa siku yamezidi, kwa hiyo nafuu huenda ilikuwa njiani tayari.

Pili, usalama si tiba. Wataalamu wa serikali waliichunguza dawa ya Samunge, wakasema haina madhara kwa kunywa. Wengi wakasikia "inaponya". Jamani, hata maji hayana madhara!

Tatu, linganisha. Wagonjwa wagawanywe kwa kura, kundi hili lipate tiba, lile lipate nyingine, kisha wahesabiwe wote. Anayetoa ushuhuda ni aliyepata nafuu. Aliyezidiwa haji mbele ya kamera.

Tiba ile ya kwenye video, kiropraktiki, ilianzishwa Marekani na D. D. Palmer mwaka 1895, na imeshapimwa kwa njia hii. Kwa maumivu ya kiuno inasaidia kiasi, karibu sawa na mazoezi ya viungo. Kwa pumu, ushahidi wa kuaminika haupo. Kwa hiyo si utapeli mtupu, na si muujiza.

Karibuni naenda mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi akiniuliza, "Mwalimu, kikombe kiliponya?" sitamcheka, wala sitamdharau bibi yake aliyepanga foleni. Nitamuuliza: waliopimwa kabla na baada walikuwa wangapi? Na kama nyumbani kwao kuna mgonjwa, nitamwambia kama mama: vidonge asiache.